Kipimo cha mtawanyiko: hesabu ya elektroni kati yetu na pulsa

Pulsa ni nyota za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizolipuka) zinazozunguka kwa kasi na kutupigia mawimbi ya redio kwa vipindi visivyoyumba. Ukifungua orodha yoyote ya pulsa utakuta kila moja imeandikiwa muda wa mzunguko wake, na pembeni namba nyingine inayoitwa kipimo cha mtawanyiko. Pulsa ya Kaa ina 56.8. Ya Vela ina 68. Ile ya kwanza kugunduliwa, aliyoinasa Jocelyn Bell huko Cambridge mwaka 1967, ina 12.4. Wasomaji wengi huichukua namba hii kuwa ni umbali. Sivyo. Ni hesabu ya elektroni, na umbali ni jambo tunalolikisia kutokana nayo.

Anga kati ya nyota si tupu. Lina gesi nyembamba mno, na sehemu ya gesi hiyo imepoteza elektroni zake, kwa hiyo zinatangatanga humo zikiwa huru. Katika bapa la galaksi yetu, Njia Nyeupe, wastani wa elektroni huru ni kama 0.03 kwa kila sentimita ya ujazo. Wimbi la redio likipita katikati ya elektroni hizo huchelewa, na la masafa ya chini (yaani lenye mitetemo michache kwa sekunde) huchelewa zaidi kuliko la masafa ya juu. Sasa chukua mrija wa upana wa sentimita moja ya mraba unaotoka kwenye darubini hadi kwenye pulsa, uhesabu elektroni zote zilizomo. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko. Kipimo cha 1 maana yake mrija una elektroni bilioni bilioni 3 na kidogo. Namba yenyewe huandikwa kwa parseki kwa sentimita ya ujazo, na parseki moja ni miaka ya nuru 3.26.

Kujua wimbi limechelewa kiasi gani, zidisha milisekunde 4.15 kwa kipimo, kisha ugawanye kwa kipeo cha pili cha masafa, masafa yakiwa katika gigahezi. Tuijaribu kwa Kaa. 4.15 mara 56.8 ni karibu 236. Kwenye megahezi 800, yaani gigahezi 0.8, unagawanya kwa 0.64 na kupata milisekunde 368. Kwenye megahezi 400 unagawanya kwa 0.16 na kupata 1,473. Tofauti ni sekunde 1.1. Pulsa ya Kaa inazunguka takriban mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja linapofika kwenye megahezi 400, mapigo mengine 33 yameshapita kwenye megahezi 800. Ukijumlisha masafa hayo yote bila kurekebisha lolote, mapigo yanafunikana na unabaki na mstari bapa wa kelele.

Ndiyo maana kazi ya kutafuta pulsa mpya huanzia hapa. Mpokeo wa darubini hukatwa katika vijibendi (vipande vyembamba vya masafa) mamia au maelfu. Unakisia kipimo, unarudisha kila kijibendi nyuma kwa muda wake wa kuchelewa, unajumlisha, halafu unatafuta mapigo yanayojirudia. Kisha unapandisha kipimo kidogo na kuanza upya, kutoka 0 hadi mamia kadhaa au zaidi. Hatua zikiwa pana mno, pulsa ya haraka inaponyoka katikati ya makisio mawili. Zikiwa finyu mno, kompyuta inamaliza siku nzima bila faida. Ishara ya kweli hupanda taratibu hadi kilele kwenye kipimo fulani kisha hushuka. Kilele kikiangukia kwenye 0, kisababishi kipo hapa hapa duniani: rada, simu, au waya wa umeme.

Kosa la kawaida hapa ni vijibendi vipana. Hata ndani ya kijibendi kimoja, upande wa chini huchelewa kuliko wa juu. Kwa Kaa, kijibendi cha megahezi 1 kwenye masafa ya megahezi 400 hulipaka pigo, yaani hulitandaza, kwa milisekunde 7 na zaidi, ambazo ni zaidi ya moja ya tano ya mzunguko mzima. Pulsa inayozunguka kwa milisekunde 3 na yenye kipimo kama hicho ingefutika kabisa. Ukipanda hadi megahezi 1,400, mpako unashuka hadi milisekunde 0.17. Kwa pulsa ambazo kipimo chake kinajulikana tayari, dawa bora ni kurekodi wimbi lenyewe kabla halijageuzwa kuwa nguvu tu, kisha kulisahihisha awamu kwa awamu (awamu ni mahali wimbi lilipofika katika mtetemo wake). Njia hii hula diski na nguvu nyingi za kompyuta, lakini huondoa mpako wote.

Sasa turudi kwenye umbali. Kipimo cha Vela, 68, ukikigawanya kwa 0.03 kinakupa parseki zaidi ya 2,200. Lakini umbali wake uliopimwa kwa paralaksi (jinsi inavyoonekana kuhama kidogo angani Dunia ikizunguka Jua) ni karibu parseki 290. Kosa ni la karibu mara nane! Sababu ni kwamba Vela imo ndani ya mabaki ya mlipuko wa nyota iliyoizaa, na eneo lote lile limejaa gesi iliyopoteza elektroni. Wataalamu wametengeneza ramani za elektroni za Njia Nyeupe, NE2001 na YMW16 zikiwa ndizo zinazotumika zaidi, lakini wingu moja lisilochorwa vizuri linatosha kuharibu hesabu.

Kipimo chenyewe pia hubadilika kadiri pulsa na gesi zinavyosogea, na upepo wa Jua nao una elektroni zake. Badiliko la 0.001 tu huchelewesha pigo kwa nanosekunde 2,100 kwenye megahezi 1,400. Kundi la wanaastronomia la NANOGrav, lililotangaza Juni 2023 ushahidi wa mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga lenyewe) kwa kutumia pulsa 67, lilikuwa likisaka mabadiliko ya mamia ya nanosekunde. Bila kupima kila pulsa kwa bendi mbili zilizo mbali, tena ndani ya siku chache, kazi hiyo isingewezekana.

Kwenye eksirei mtawanyiko ni mdogo mno kiasi kwamba hakuna chombo kinachoweza kuuona. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iligundua mapigo ya eksirei ya pulsa Cen X-3 ya kila sekunde 4.8, lakini mapigo hayo ya eksirei hayawezi kukupa kipimo hiki.

Eneo lenye moto zaidi leo ni milipuko ya ghafla ya redio (kwa kifupi FRB), inayodumu milisekunde chache. Wa kwanza ulitangazwa mwaka 2007 kutoka data za darubini ya Parkes, Australia, ukiwa na kipimo cha 375, wakati elektroni za Njia Nyeupe upande ule hazifikishi hata 50, dalili kwamba ulitoka nje ya galaksi yetu. Wenye shaka walikuwa na sababu, maana Parkes ilinasa pia ishara za ajabu zenye kipimo bandia karibu na 400. Mwaka 2015 ikathibitika kwamba zilitoka kwenye tanuri la maikrowevu la kituo, mlango ukifunguliwa kabla halijazima. Hizo lakini zilionekana pande zote za kipokezi kwa mpigo, na milipuko ya kweli haifanyi hivyo.

Mwaka 2017 mlipuko unaojirudia, FRB 121102 wenye kipimo cha 557, ulifuatiliwa hadi kwenye galaksi ambayo mawimbi ya mwanga wake yamerefuka kwa asilimia 19 (kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo mwanga wake unavyorefuka zaidi). Mwaka 2020 Jean-Pierre Macquart na wenzake walitumia milipuko ambayo galaksi zake zinajulikana kuhesabu gesi iliyo kati ya galaksi, gesi ambayo kwa miaka mingi ilikosekana kwenye hesabu za ulimwengu. Umbali ukishajulikana kwa njia nyingine, kipimo kinageuka kuwa mizani ya kupimia maada. Kisha ikaja FRB 20190520B: kipimo kinazidi 1,200, ilhali mwanga wa galaksi yake umerefuka kwa asilimia 24 tu. Makadirio ya kwanza yaliweka takriban 900 kati ya hizo kwenye elektroni za galaksi yenyewe na za mazingira ya chanzo cha mlipuko, tatizo lile lile la Vela kwa ukubwa mwingine. Kwa hiyo kipimo kikubwa peke yake hakitoshi kusema mlipuko uko mbali: galaksi yake lazima ipatikane, na mwanga wake upimwe.