Usiongeze Lugha ya Nne

Swali lile lile limerudi: nimemaliza Python, JavaScript na Java, niongeze lugha gani ya programu ndipo nianze kuomba kazi? Usiongeze. Ulichomaliza ni video za mafunzo. Mwalimu ameshayaondoa makosa kabla ya kurekodi, nawe ukimfuata mstari kwa mstari unakosa jambo linalokula muda wa mwanaprogramu kazini: kukaa na programu iliyogoma mpaka ijulikane imegomea wapi.

Chukua mistari miwili ya Python:

umri = input("Umri wako? ")
print(umri + 1)

Jibu 20, itaanguka na TypeError, yaani kosa la aina ya data. Usikimbilie kunakili ujumbe huo ukautafute mtandaoni. Usome, tena uanzie chini: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa na sababu, ya juu yake inaonyesha mahali. Sababu hapa ni kwamba input() hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu, na maandishi hayajumlishwi na namba. Haya, unaweka int(input("Umri wako? ")) ili maandishi yageuzwe kuwa namba nzima, inafanya kazi, unahamia somo linalofuata. Hapo ndipo ninapokasirika, maana somo ndiyo kwanza limeanza! Andika "ishirini": ValueError, yaani thamani isiyofaa. Bonyeza Enter bila kuandika kitu: ValueError. Andika 20.5: ValueError tena. Acha nafasi kabla ya 20: inakubali, kwa kuwa int() huzipuuza nafasi za pembeni. Sasa andika -3. Kimya. Programu inajibu -2 kana kwamba kuna mtu mwenye umri huo. Makosa yale mengine yalijitangaza yenyewe. Hili litapita hadi kwa mteja, na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Ni lazima ulifikirie wewe. Na tafadhali, usifunike yote kwa except tupu (amri inayonasa kosa lolote bila kulitaja), utaficha hata makosa ambayo hukuyatarajia.

Aliyeielewa mistari hiyo miwili hatashangaa kuona kwamba kwenye JavaScript "5" + 3 hutoa "53" ilhali "5" - 3 hutoa 2. Aliyekusanya lugha atashangaa upya kwa kila lugha.

Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo wako, jifunze mapema: hifadhi kwa hatua ndogondogo, kila moja na maelezo yanayosema umebadilisha nini na kwa nini. Ukipandisha nywila ya hifadhidata kwenye hazina ya Git iliyo wazi kwa umma, kulifuta faili hakutoshi kwa sababu historia bado inayo. Badilisha nywila yenyewe, mara moja.

Kuhusu mafumbo ya algorithimu (hatua za kutatua tatizo) kwenye usaili, nina mashaka. Naona yanapima zaidi mazoezi ya mafumbo kuliko kazi yenyewe, na siwezi kukuahidi kwamba anayeyafumbua upesi ndiye atakayetunza vizuri programu ya watu. Lakini yanaulizwa, kwa hiyo tenga nusu saa kwa siku: orodha, kamusi (data za jozi za jina na thamani), kupanga, kutafuta. Ukikwama mbele ya msaili, sema unachodhani na utakavyokijaribu. Ukinyamaza hana cha kupima.

Kwenye maombi, punguza orodha ya lugha. Weka kiungo cha programu moja uliyoiandika mwenyewe, inayofanya kazi sasa hivi kwenye seva, na chini yake sentensi mbili: kosa lililokusumbua kuliko yote, na jinsi ulivyolipata.