Kupitia tumboni au kupitia ubavuni: roboti inavyolifikia figo lenye uvimbe

Mgonjwa akiambiwa kwamba uvimbe wa figo lake utatolewa kwa roboti, mara nyingi huanza kwa kuuliza kama mashine hiyo inajiendesha yenyewe. Haijiendeshi. Daktari hukaa kwenye kiti chake, kwa kawaida ndani ya chumba hicho hicho, akitazama picha iliyokuzwa ya ndani ya mwili, na vyombo vyembamba vilivyopitishwa kwenye matundu madogo hufuata mikono yake. Mashine inayojulikana zaidi, da Vinci, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2000. Swali lenye uzito kwa mgonjwa ni jingine: vyombo hivyo vitapitia wapi?

Mafigo hayakai pamoja na utumbo. Yamelala nyuma kabisa, yakiegemea misuli ya mgongo chini ya mbavu, yamefunikwa na mafuta. Kati yake na utumbo kuna utando mwembamba uitwao peritoneumu. Daktari anaweza kuuvuka utando huo akitokea mbele, na hiyo ndiyo njia ya tumboni, au akaukwepa kwa kutoboa ubavuni na kubaki nyuma yake muda wote.

Katika njia ya tumboni, mgonjwa hulazwa kwa ubavu, akiwa ameinama kidogo kuelekea mgongoni. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili pawe na nafasi ya kufanyia kazi. Nafasi hiyo ni pana, na ini, wengu na utumbo mpana humwonyesha daktari yuko wapi. Utumbo mpana husogezwa pembeni, kisha figo huonekana kwa mbele. Madaktari wengi walijifunza kwa njia hii, na ndiyo maana imeenea zaidi.

Njia ya ubavuni ni kama kuingia nyumba kwa mlango wa uani: unafika jikoni bila kupita sebuleni. Mgonjwa hulala ubavu kamili, daktari hutoboa kati ya mbavu na nyonga, na mara nyingi hupuliza puto dogo ili kuyatenga mafuta na misuli. Utumbo hauguswi. Ateri ya figo, yaani mshipa unaoliletea damu, nayo hufikiwa mapema, na hilo si jambo dogo, kwa sababu wakati wa kukata uvimbe daktari huibana ateri hiyo ili damu isimwagike. Figo lililokatiwa damu huanza kuumia, hivyo madaktari wengi hujitahidi kulifungulia ndani ya dakika 25 hivi. Ubaya wa njia hii ni ufinyu. Mikono ya roboti hugongana, alama za kumwongoza daktari ni chache, na mgonjwa akiwa na mafuta mengi kuzunguka figo, kazi huwa ngumu zaidi.

Basi uamuzi unategemea nini? Kwanza kabisa, mahali uvimbe ulipo. Ulioko mbele ya figo hukatwa vizuri kutokea tumboni. Ulioko nyuma, daktari akitokea tumboni, humlazimu alifungue figo kutoka kwenye mafuta yake na kuligeuza ndipo auone. Mwaka 2009 ilitolewa alama ya R.E.N.A.L., inayopima ugumu wa kutoa uvimbe kwa pointi 4 hadi 12: ukubwa wake, umejitokeza nje kiasi gani, uko karibu kiasi gani na vijia vya mkojo, na uko juu, katikati au chini. Uvimbe kuwa mbele au nyuma ya figo huandikwa kwa herufi tu, bila pointi yoyote. Lakini katika kuchagua njia, herufi hiyo isiyo na pointi ndiyo yenye sauti kubwa.

Jambo la pili ni historia ya tumbo. Aliyewahi kupasuliwa mara kadhaa anaweza kuwa na makovu ya ndani yaliyogandisha utumbo, na kwake kupita nyuma kunaepusha hatari ya kuujeruhi. Vivyo hivyo kwa anayesafishwa damu kupitia utando wa tumbo: utando huo anauhitaji ukiwa mzima.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi kwa kiasi kikubwa zinakubaliana kwamba saratani huondolewa vizuri kwa zote mbili. Kadhaa zimeonyesha upasuaji mfupi zaidi na kukaa hospitali kwa muda mfupi zaidi kwa njia ya ubavuni. Mimi ningezisoma kwa tahadhari: wengi wanaopelekwa njia hiyo ni wale ambao uvimbe wao umekaa nyuma, na mara nyingi daktari ndiye aliyewachagua.

Uzoefu wa daktari nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Aliyefanya mamia kutokea tumboni na machache tu kutokea ubavuni, mwache apite anapopajua, isipokuwa kama uvimbe wenyewe unakataa. Muulize waziwazi, si utovu wa adabu.

Na kwa mgonjwa wa kwetu anayesafiri kwenda India kwa matibabu: beba picha zote za CT (eksirei ya kompyuta) kwenye diski, si karatasi ya majibu peke yake. Karatasi inaweza kusema uvimbe una sentimita 3 na isiseme uko mbele au nyuma.