Mshipi wa flai ni nini, na upi unafaa bahari yetu?

"Mwanangu, chubwi liko wapi?" Ndivyo alivyoniuliza mzee mmoja pale Deep Sea, Tanga, baada ya kuupapasa mshipi wangu mnene mpaka mwisho. Swali lake ndilo kiini cha jambo lenyewe. Katika mshipi wa mkono, chubwi ndilo linalotangulia na nailoni hufuata. Katika uvuvi wa flai hakuna chubwi: uzito umo ndani ya mshipi wenyewe.

Flai ni ndoana iliyofungiwa manyoya na nyuzi ifanane na dagaa au kamba mdogo. Ni nyepesi kiasi kwamba ukiitupa kwa mkono itaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzi wa ndani huvikwa plastiki, ukawa mshipi mzito wa mita 27 hadi 30. Fimbo huurusha nyuma na mbele, nao ukinyooka hewani huivuta flai. Mbele yake hufungwa nailoni ambayo samaki haioni kwa urahisi. Nyuma, kwenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi), huwa na uzi wa akiba, maana kolekole mkubwa akishaondoka hasimami mita 30.

Mishipi hii hupewa namba kwa uzito wa mita 9 za mwanzo. Namba 8 ni kama gramu 13.6, namba 9 ni 15.6, na namba 12 hukaribia 25. Fimbo nayo ina namba yake, na viwili hivyo sharti vilingane. Wavuvi wa mito ya baridi hutosheka na namba 5. Kwetu anza na 8. Mimi nachagua 9, kwa sababu kusi likivuma mshipi mwepesi hurudi usoni. Chagua pia ule ulionenepa upande wa mbele, maana ndio unaopasua upepo.

Lakini kabla ya namba, uliza habari ya joto. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha, na mimi nilipoteza. Mshipi uliotengenezewa nchi za baridi una ganda laini. Uulete Tanga, ambako bahari ina nyuzi 25 hadi 30 na ngalawa imeanikwa juani tangu asubuhi, utalegea kama tambi zilizoiva, utanata kwenye pete za fimbo, na hautafika popote. Mshipi wa nchi za joto una uzi mgumu ndani na ganda gumu nje, nao hubaki umekakamaa juani. Ukiupeleka Uskoti utajikunja kama springi, kwa hiyo hakuna mshipi mmoja wa dunia nzima. Soma boksi: pawe pameandikwa maji ya chumvi na nchi za joto, yote mawili.

Kuna unaoelea na unaozama. Maji yakipwa ukawa unatembea kwenye mafungu, maji yakiishia magotini, unaoelea ndio wenyewe: unauona, na unauinua haraka samaki akigeuka. Uzamao polepole, sentimita 4 au 5 kwa sekunde, hupita chini ya mawimbi madogo yanayouyumbisha ule wa juu. Huo ninautumia nikiwa ndani ya chombo. Wa kuzama haraka ni wa ukingo wa mwamba, kwenye kina, na mwanzoni huuhitaji.

Ukielekea kusini mwa mji, kumbuka kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale wa kina kirefu), iliyoanzishwa mwaka 2009. Uliza taratibu zake kabla ya kuingia majini.

Jioni usiuache mshipi na chumvi yake. Uoshe kwa maji baridi ya bomba, uufute kwa kitambaa, kisha uuanike kivulini.