Mfamasia wa Watoto Hufundwa Wodini

Kila msimu wa kuomba nafasi za mafunzo unapowadia, mwanafunzi wa famasia anayekaribia kuhitimu nchini Marekani huwa na swali moja, na ana haki ya kuliuliza. Akiwa amekwishasoma chuo kikuu kwa miaka ambayo kwa kawaida ni sita au zaidi, na leseni atakayoipata ikimruhusu kutoa dawa kwa mgonjwa wa umri wowote, kwa nini aongeze miaka miwili ya mafunzo hospitalini kwa posho ambayo mara nyingi haifiki nusu ya mshahara wa wenzake walioajiriwa moja kwa moja? Mimi niliyepita njia hiyo, na ambaye sasa sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia wanaoipita, siwezi kumjibu kwamba huko atajifunza dozi nyingi zaidi, kwa sababu dozi zimo vitabuni. Anachokwenda kukitafuta ni uwezo wa kuitilia shaka dozi ambayo kitabuni ni sahihi lakini haimfai mtoto aliyelala mbele yake. Uwezo huo haupatikani ila kwa kukabidhiwa jukumu kidogo kidogo, chini ya jicho la mtu anayeweza kumzuia kabla dawa haijaingia kwenye mshipa.

Muundo wa mafunzo yenyewe hauna utata. Chama cha wafamasia wa hospitali cha Marekani, ASHP, kimekuwa kikithibitisha ubora wa mafunzo haya, yaitwayo rezidensi, tangu miaka ya 1960. Mwaka wa kwanza, unaofupishwa PGY1, ni wa jumla, na mwanagenzi huzungushwa katika wodi na vitengo mbalimbali. Mwaka wa pili, PGY2, ni wa ubingwa, na ndani yake ndimo ulimo ubingwa wa tiba ya dawa kwa watoto. Kila mmoja huchukua miezi 12. Waombaji na hospitali hupangana kwa orodha za chaguo zao ambazo kompyuta huzilinganisha, na matokeo yake hufunga pande zote mbili. Saa za kazi haziruhusiwi kuzidi wastani wa 80 kwa wiki, ukikokotolewa kwa wiki nne, jambo ambalo peke yake linatosha kumweleza msomaji mwaka huo una sura gani.

Lililo zito zaidi ni sababu ya watoto kuhitaji mfamasia wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari waligundua kwamba watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli, antibiotiki iliyokuwa ikisifiwa sana wakati huo, walikuwa wakivimba tumbo, wakilegea, wakigeuka rangi ya majivu, na wengi wao wakafariki. Dawa haikuwa na kasoro ya kiwandani, wala haikuwa imeharibika. Ini la mtoto mchanga halijapata bado vimeng'enya vya kutosha vya kuibadilisha dawa hiyo ili itoke mwilini, kwa hiyo kila dozi iliongezeka juu ya iliyotangulia hadi ikawa sumu. Kisa hicho bado nakieleza kwa kila kundi jipya, kwa sababu kinaonyesha kwamba kugawanya dozi ya mtu mzima kwa kufuata uzito hakumlindi mtoto ambaye viungo vyake havijapevuka.

Mambo huzidi kuwa magumu pale kanuni moja inapovuta huku na nyingine kule. Mwili wa mtoto njiti una maji mengi kuliko wetu kwa kila kilo ya uzito, na gentamisini, ambayo ni antibiotiki, husambaa ndani ya maji hayo, kwa hiyo dozi moja, ikihesabiwa kwa kilo, inaweza kuonekana kubwa kwa asiyezoea. Lakini figo zake huitoa polepole mno, na kwa baadhi yao dozi inayofuata hungoja hadi saa 48. Anayeshika kanuni ya kwanza pekee humdhuru mtoto, na anayeshika ya pili pekee humwacha na maambukizi yasiyotibika. Seftriaksoni, antibiotiki nyingine, ambayo kwa mtoto mkubwa ni dawa nyepesi kuitumia, kwa mwenye umri wa siku 28 au pungufu haipewi kabisa iwapo anapata dripu yenye kalsiamu, kwani viwili hivyo huweza kugandana na kuwa chembe zinazoziba mapafu na figo. Isitoshe, huisukuma bilirubini, ile kemikali ya manjano itokanayo na chembe za damu zilizovunjika, kutoka kwenye albumini, protini inayoibeba katika damu, na bilirubini iliyoachwa huru huweza kuingia kwenye ubongo. Mfamasia anayepitisha agizo la seftriaksoni bila kuangalia kwanza kilichomo kwenye dripu amefanya nusu ya kazi.

Tena kuna hesabu ya maji, ambayo katika mafunzo ya watu wazima haimsumbui mtu. Mtoto wa gramu 800 aliyezaliwa leo, akipangiwa mililita 80 kwa kilo kwa siku, ana mililita 64 tu za kutumia kwa saa 24, na ndani ya kiasi hicho kunatakiwa kuingia sukari, protini, chumvi na dawa zote. Ukichanganya kila dozi ya antibiotiki katika mililita tano, kama ungefanya kwa mtoto wa miaka mitano bila kufikiri mara mbili, dozi nne zimekula karibu theluthi ya maji yake ya siku nzima. Ukizimimina katika kiasi kidogo zaidi, ukali wa mchanganyiko unaweza kuuunguza mshipa ulio mwembamba kama uzi. Halafu angalia vihifadhi vilivyomo ndani ya chupa: mwaka 1982 ilitangazwa kwamba pombe ya benzili, iliyotumika kuhifadhi maji ya kusafishia mirija, ilikuwa ikiwafanya watoto njiti watweta kwa kukosa pumzi hadi kufa. Tangu hapo mfamasia wa watoto husoma kwenye lebo hata kile ambacho si dawa.

Namna jukumu linavyohamishwa inaonekana vizuri zaidi kwa agizo moja la kawaida. Watoto njiti wengi husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, na dawa inayowasaidia ni kafeini sitreti, kwa dozi ya kuanzia ya miligramu 20 kwa kilo. Mtoto ana gramu 900, kwa hiyo anahitaji miligramu 18, na kwa kuwa chupa ina miligramu 20 katika kila mililita, sirinji itavutwa hadi mililita 0.9. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza hupata jibu hilo haraka na hufurahi. Hapo ndipo mkufunzi huanza kumhoji wakiwa bado wamesimama kando ya kitanda. Je, agizo limeandikwa kwa sitreti au kwa kafeini yenyewe, maana nusu tu ya uzito wa sitreti ndiyo kafeini, na barua ya hospitali iliyomleta mtoto huenda imetumia hesabu ile nyingine? Je, huko alikotoka hajapewa tayari dozi ya kuanzia? Uzito huu ni wa kuzaliwa au wa leo asubuhi? Moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika? Hesabu ilikuwa ya sekunde chache, lakini maswali hayo humpeleka mwanagenzi kwenye simu, kwenye faili na kwa muuguzi, na baada ya miezi michache hayasubiri tena kuulizwa na mkufunzi.

Wakufunzi wana utaratibu wa hatua nne: kwanza unamfundisha, kisha unafanya kazi huku ukifikiri kwa sauti ili akuone, kisha anafanya yeye huku ukimwelekeza, na mwishowe anafanya mwenyewe nawe upo tu wa kuulizwa. Hatua hizo hurudiwa katika kila mzunguko, kuanzia wodi ya kawaida, watoto wachanga mahututi, watoto wakubwa mahututi, hadi saratani na magonjwa ya kuambukiza, ingawa mwanagenzi mzuri kila anapohamia wodi mpya hupita hatua za mwanzo kwa kasi zaidi. (Fomu za tathmini zinazoandamana na utaratibu huu ni nyingi kupita kiasi, na sijawahi kukutana na mkufunzi anayezipenda.) Mahali ambapo tofauti huonekana waziwazi ni pale mtoto anaposimama moyo. Mfamasia hukaa kwenye kitoroli cha dawa, adrenalini ni miligramu 0.01 kwa kilo, na hakuna anayengoja mtu afungue kitabu. Mwezi wa kwanza mwanagenzi hutazama na kuandika muda. Baadaye huvuta dawa mkufunzi akihakiki kila sirinji. Mwishoni mwa mwaka anazitayarisha dozi mbili zinazofuata kabla kiongozi wa timu hajazitaja.

Ingekuwa kosa hata hivyo kumfikiria mfamasia huyu kama mlinzi wa kitanda kimoja kimoja. Mwaka 2006, katika jimbo la Indiana, watoto njiti watatu walifariki baada ya kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya uniti 10,000 kwa mililita badala ya ile ya uniti 10, kwa sababu vichupa vilivyofanana viliwekwa kwenye droo isiyo yake, na waliovitoa walivichukulia kuwa vile walivyovizoea. Hapakuwa na dozi iliyokokotolewa vibaya. Ndiyo maana sehemu ya mwaka wa pili hutumika chini kwenye famasi, zamu za usiku na za mwisho wa wiki zikiwemo, ambako mwanagenzi hujifunza ni vichupa gani visikae pamoja, kwa nini dripu za morfini ziwe na ukali mmoja hospitali nzima, na kwa nini uzito uandikwe kwa kilo tu. Wapo wanaozilalamikia zamu hizo kwa kuziona kama kazi ya bei rahisi kwa mwajiri. Malalamiko hayo yana ukweli kiasi pale ambapo zamu zimekuwa nyingi kiasi cha kuumeza mwaka, lakini asiyejua dawa inavyosafiri kutoka rafuni hadi kwenye sirinji hawezi kujua itapotelea wapi.

Nikiombwa ushauri wa kuchagua hospitali, sianzi na ukubwa wake wala umaarufu wake. Namshauri mwombaji awatafute wanagenzi waliopo na kuwauliza, bila mkufunzi kuwepo, ni lini kwa mara ya kwanza walishiriki raundi ya wodi peke yao, na siku daktari alipokataa pendekezo lao nani alisimama nao. Jengo kubwa lenye wakufunzi wasiothubutu kuachia jukumu hutoa mfamasia mwenye cheti na woga. Hospitali ya wastani yenye wakufunzi watatu makini humtoa akiwa tayari. Aulize pia kuhusu lishe ya mishipani, kwa kuwa zipo hospitali ambako mifuko hutengenezwa nje na mwanagenzi humaliza mwaka bila kupambana hata mara moja na kalsiamu na fosfeti zinazotaka kugandana ndani ya mfuko mmoja.

Si kila anayependa watoto anahitaji mwaka huu wa pili. Anayekusudia kufanya kazi katika kliniki ya kawaida, au katika duka la dawa lenye wateja wengi wenye watoto, atatosheka na mwaka wa kwanza na mafunzo mafupi ya mara kwa mara. Bodi ya ubingwa wa famasia nchini Marekani ilifanya mtihani wa kwanza wa ubingwa wa watoto mwaka 2015, na ingawa PGY2 ndiyo njia fupi ya kuufikia, uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa umekuwa ukikubaliwa pia. Cheti chenyewe huhuishwa kila baada ya miaka saba. Lakini kwa anayetaka kushika wodi ya watoto wachanga mahututi, sijaona hospitali kubwa ambayo siku hizi humpokea moja kwa moja kutoka chuoni, na nikiwa upande wa mwajiri nisingempokea.