Msiniulize tena kama mtoto ana kipaji

Nafundisha watoto kuchora, Mikocheni, na hapiti mzazi bila kuniwekea simu puani: "Mwalimu, huyu wangu kazaliwa msanii, hebu ona!" Naona. Ni sura ya mchezaji mpira, imenakiliwa kutoka kwenye picha kwa kuigawa miraba na kuhamisha mraba mmoja mmoja, vivuli vimesuguliwa kwa kidole mpaka karatasi inang'aa. Daima ni mchezaji mpira. Akikosekana, simba.

Kupiga miraba si dhambi, kunafundisha uwiano na subira. Lakini ndani ya mchoro ule mtoto hajaamua lolote. Mwanga uliamuliwa na mpiga picha, pembe vilevile, hata kilichokatwa pembeni. Yeye kahamisha tu. Halafu nyumba nzima inampigia makofi, na anajifunza kwamba sanaa ni kufanana.

Mdogo wake wa miaka sita kachora daladala: abiria wote wanaonekana kupitia bati, magurudumu manne yamejipanga upande mmoja. Mama anacheka, "Huyu bado hajajua." Anajua sana! Anajua abiria wamo ndani, basi kawaweka. Mfaransa Luquet, mtafiti wa michoro ya watoto, aliliandika hili mwaka 1927: mtoto huchora anachokijua, si anachokiona. Daladala ile ina maamuzi kumi. Ile sura ya mchezaji haina hata moja.

Kisha anafika miaka tisa, kumi, anaitazama kazi yake na kuona haya. "Haifanani." Wengi wanaweka penseli chini hapo, na hawaishiki tena. Kwangu, msanii tangu utotoni ni yule aliyepita mlango huo bila kuacha, basi. Ila hapa hoja yangu inachechemea. Nimefundisha ndugu wa tumbo moja, rangi zilezile, meza ileile. Mmoja akaacha, mwingine akazidi, na aliyezidi ndiye aliyekuwa anachekwa zaidi. Na wapo watoto ambao mstari wao una uhai tangu siku ya kwanza, kabla sijafungua mdomo. Sikatai. Nakataa kuuita ule mstari jibu la nani atakuwa msanii.

Mtaniambia: mbona mchoraji Tingatinga hakusomea? Kweli, Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi za baiskeli kwenye hadibodi hapa Dar mwaka 1968, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Sasa huyo ni ushahidi wa kuzaliwa msanii, au wa kinyume chake? Na George Lilanga mnapenda kumsimulia kama muujiza, mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, aliyegeuka msanii. Mnaruka kwamba alikuwa Mmakonde aliyekwisha kujua kuchonga kabla ya kushika rungu la ulinzi. Mkono wake ulikuwa na miaka ya kazi; mkiuita kipaji mnaifuta miaka ile yote.

Mkiniuliza vifaa vya mtoto, nitapitia haraka: karatasi nyingi za bei rahisi, penseli laini ya 4B, na kifutio kikae kabatini.

Na wewe mzazi wa mchezaji mpira, mwambie mwanao amchore babu yake akiwa anazungumza barazani. Babu hatatulia, miraba haitamshika, na mchoro utatoka vibaya. Huo ndio uniletee.