Kidonge cha iodini si kinga ya mionzi yote

Wapo wengi, hapa Tanga na kwingineko, wanaoamini kwamba kidonge cha iodini hukinga mionzi yote, na asiyekipata ale chumvi kwa wingi. Si kweli, na ni hatari.

Kidonge hicho, iodidi ya potasiamu, hulinda tezi moja tu: ile ya shingoni ambayo ikivimba huitwa rovu. Huijaza iodini safi ili isinyonye ile yenye mionzi. Mtu mzima humeza miligramu 130, muda mfupi kabla ya kufikiwa na mionzi au ndani ya saa chache baadaye. Siku nzima ikishapita, madhara huzidi faida. Ndani ya kidonge hicho mna takriban miligramu 100 za iodini. Kilo ya chumvi ya dukani Ngamiani, hapa Tanga, ikiwa na miligramu 40 za iodini, ungelazimika kula kilo mbili na nusu! Chumvi ingekuua mapema. Iodini ya kupaka kidonda nayo ni sumu ukiinywa.

Kwa kuwa kidonge hulinda tezi moja tu, madaktari huchanganya dawa. Dawa iitwayo bluu ya Prusia hunasa sesiamu yenye mionzi utumboni, itoke na choo (choo chenyewe hugeuka bluu). Dawa nyingine, DTPA, hutoa plutoniamu, nayo yenye mionzi, kupitia mkojo. Uboho ukiharibika, dawa ya filgrastimu, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila siku, huchochea seli nyeupe za damu, na antibiotiki huongezwa kwa sababu maambukizi ndiyo huua wengi.

Kabla ya yote hayo, vua nguo za juu, zifunge ndani ya mfuko, uoge kwa sabuni bila kujisugua sana.