Ubongo wa maiti bado una mwendo wa maji

Hapa Mtwara wapo wanaoamini kuwa MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) haiwezi kuchora njia za neva katika ubongo wa maiti, maana damu imesimama. Sivyo. Kipimo hiki hakifuati damu. Kinafuata molekuli za maji, zinazotikiswa na joto tu. Itazame kamba ya usumba pale Mikindani: maji huzifuata nyuzi upesi kuliko kuzikata. Neva nazo ni hivyohivyo.

Kikwazo hasa ni formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inayopunguza mwendo huo na kufifisha picha. Kwa hiyo ubongo hulowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi yenye bafa (kemikali inayozuia kiwango cha asidi kubadilika), viputo hufyonzwa kwa pampu (kimoja tu huharibu picha kando yake), kisha hupigwa picha saa nyingi. Kwa kuwa hautikisiki, chembe za picha za nusu milimita hupatikana. Mistari ya rangi inayoonyesha njia za neva kwenye picha, hata hivyo, ni makadirio ya kompyuta: nyuzi zikipishana, huweza kuchorwa njia isiyokuwepo.